Dirisha Linaungua, Chumba Kinazama Gizani

SWALI: Shikamoo mzee. Nina nyumba ya mawe hapa Lamu, na vyumba viwili vya juu nakodisha wageni. Kila nikipiga picha chumba cha ndani, ama dirisha linatoka jeupe pepe, ama zidaka zote, vile vishubaka vya nakshi ukutani, zinapotea gizani. Kamera ninayo, kaka yangu aliniachia. Mtu kaniambia nitumie HDR, yaani kuunganisha picha kadhaa za mwanga tofauti ziwe moja, mwingine akasema huko ni kuwadanganya wageni. Nifanyeje?
— Msomaji, Lamu

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kosa si lako. Jicho likitoka kwenye zidaka likaenda dirishani hujirekebisha papo hapo bila wewe kujua. Kamera haina uwezo huo. Wiki iliyopita nilipima chumba cha ndani cha jirani yangu, saa tano asubuhi, jua limejaa kiwandani, yaani uani mwa nyumba. Kwa ISO 100 (kipimo cha wepesi wa kamera kupokea mwanga) na tundu la lenzi f/8, nje palitaka shata, yaani muda wa kamera kupokea mwanga, ya 1/500 ya sekunde. Kona iliyo nyuma ya kitanda cha samadari ilitaka sekunde 2 nzima. Hiyo ni tofauti ya mara elfu moja! Picha moja haiwezi kuibeba ikabaki safi.

Ndiyo maana tunapiga kadhaa za mahali pamoja, halafu kompyuta inachukua dirisha kwenye picha ya giza na kona kwenye picha ya mwanga. Siku ile nilipiga sita: 1/500, 1/125, 1/30, 1/8, 1/2, kisha sekunde 2, kila moja ikipokea mwanga mara nne ya iliyotangulia. Anza na dirisha. Punguza mwanga mpaka vitu vya nje vionekane vizuri, ndipo uuongeze hatua kwa hatua mpaka nakshi za kidaka cha chini kabisa zijitokeze. Badilisha shata peke yake. Ukigusa tundu la lenzi, ukali wa picha nao unabadilika.

Tripodi ni lazima, na tumia saa ya kamera ya sekunde 2 ili kidole kisiitikise. Piga kwa RAW, yaani faili ghafi ya kamera isiyobanwa kuwa JPEG. Zima taa, maana balbu ya njano ikikutana na mwanga wa mchana ukuta unatoka rangi mbili. Zima feni pia, usubiri isimame kabisa, na chandarua ukifunge. Mimi niliwahi kukiacha kikipepea kwa kaskazi, kikatoka kama moshi juu ya kitanda, nikarudia kazi yote.

Programu za kuunganisha picha, Lightroom inafanya vizuri. Luminance HDR ni ya bure.

Sasa hapo kwenye kompyuta ndipo wengi wanapoharibu. Zamani nilimpigia bibi mmoja wa mtaa wa Langoni hapa Lamu chumba chake, nikavuta vivuli vyote juu mpaka boriti zikang'aa na kona zikawa na mwanga sawa na kiwanda. Nikampelekea kwa furaha. Akaitazama kwa muda, akasema, "Hiki si chumba changu. Changu kina giza lake." Maneno hayo sijayasahau, kwa kuwa alisema kweli. Chumba cha ndani kina kuta nene za matumbawe ili kiwe baridi. Mwanga unaingia kidogo, unagonga chokaa, ndipo unafika kwenye zidaka. Tazama kidaka kimoja kwa karibu: chini ya ukingo wake wa juu pana kivuli chembamba, na kivuli hicho ndicho kinachoichora nakshi. Ukikifuta, ukuta mzima unakuwa karatasi.

Kuhusu kudanganya: miaka ya 1850 Mfaransa Gustave Le Gray alipiga bahari kwenye kioo kimoja cha negativu na mawingu kwenye kingine, akavichapisha pamoja, kwa sababu kioo kimoja hakikuweza kubeba mwanga wa vyote viwili. Kuunganisha si uongo. Uongo ni mgeni kufika akakuta chumba chenye mwanga nusu ya ule ulioko kwenye picha.

Kwa hiyo ukimaliza, beba kompyuta yako mpaka mlangoni pa chumba hicho, saa ile ile uliyopigia, ulinganishe. Kidaka cha juu kikiwa cheupe zaidi kwenye skrini kuliko ukutani, rudisha vivuli chini.