Ukitaka kujenga nakala ya Apple-1, anza na umeme

Watu wakisikia nimejenga nakala ya Apple-1, kompyuta ya kwanza ya kampuni ya Apple, swali la kwanza huwa ni prosesa. Hiyo isikuumize kichwa. MOS 6502 ya megahezi 1 ukishaichomeka vizuri kwa kawaida haina maneno. Kitakachokutoa jasho ni umeme, halafu sehemu ya picha.

Steve Wozniak, mmoja wa waanzilishi wa Apple, aliibuni mashine hii, na mwaka 1976 ikauzwa dola 666.66. Kwa bei hiyo ulipata bodi na chipu zake. Transfoma, kibodi, kasha na skrini ulijitafutia mwenyewe, na sisi wa nakala tunahangaika vilevile.

Bodi inataka volti za aina nne: +5, −5, +12 na −12. Lehemu sehemu ya umeme peke yake kwanza, soketi zote zikiwa tupu, kisha pima kwa multimita kwenye soketi zenyewe, usiishie kwenye regyuleta, yaani vifaa vinavyodhibiti volti. Kwa MK4096, ile chipu ya kumbukumbu, mguu wa 1 usome −5, wa 8 +12, wa 9 +5, na wa 16 ndio ardhi. Ile −5 ikikosekana wakati +12 ipo, chipu inaweza kufa bila hata kutoa moshi, nawe utabaki unailaumu programu. Regyuleta ya LM323K ipe kipoza joto kikubwa, inachemka kwelikweli.

Picha nayo ina mambo yake. Herufi za kwenye skrini hazikai kwenye RAM, yaani zile chipu za kumbukumbu. Zinazunguka ndani ya rejista za kusogeza za Signetics 2504, chipu zinazosukuma biti moja baada ya nyingine, sita za herufi na moja ya kasa (alama ya mahali unapoandika). Biti sita ni alama 64 tu, ndiyo maana hakuna herufi ndogo. Chipu hizi ni adimu, na sokoni zimejaa zilizofutwa maandishi zikachapwa upya, kwa hiyo nunua kwa muuzaji anayekubali kurudishiwa. Kama shida yako ni kujifunza kuprogramu 6502 tu, ziache, tumia maikrokontrola, ile kompyuta ndogo ya chipu moja, kutoa picha. Mimi nilizitaka za asili kwa sababu ujanja wenyewe wa mashine hii uko hapo.

Sehemu ya picha inawaka hata bila prosesa, basi imalize kwanza. Ukiwasha, skrini itajaa alama za ovyoovyo. Usishtuke, ndivyo ilivyo. Prosesa ikishaingia, bonyeza kitufe cha kufuta skrini, kisha RESET. Ikitokea alama ya \ ujue programu ya Wozniak ya baiti 256, ile inayopokea amri zako, iko hai. Andika programu hii fupi ya majaribio, kwa herufi kubwa:

0:A9 0 AA 20 EF FF E8 8A 4C 2 0

Kisha 0.A uhakikishe baiti zimekaa sawa, halafu R kuiendesha. Herufi zitaanza kumiminika, kama 60 kwa sekunde, bila kukoma mpaka ubonyeze RESET. Baiti ikirudi tofauti na ulivyoiandika, badilishana chipu za kumbukumbu mojamoja uone kama kosa linahama nazo.

Kuanzia hapo tafuta mapema kadi ya kaseti, ya kuhifadhi programu kwenye kanda. Ukizima umeme kila kitu kinafutika, na sijui nani ana vidole vya kuandika upya BASIC, lugha ya kuprogramu ya kilobaiti 4, baiti kwa baiti.