Barua kwa mwanangu: kwanini mahame yetu yako kule mtoni

Baba, salaam. Huku hatujambo, uwele tumeshavuna. Umeniuliza, ulivyopita Gulwe, huku kwetu Dodoma, na treni ya umeme ukaona lile bonde la mchanga mtupu, kwanini wazee wetu walikaa karibu na mto usio na maji na kwanini sisi tuko huku barabarani, af unataka kujenga kwenye mahame yetu, pale wazee walipohama.

Ule mto una maji baba. Kinyasungwe unatiririka masika tu, Desemba mpaka Aprili hivi, baada ya hapo maji yanakaa chini ya mchanga, unafukua kwa mikono unayapata na ng'ombe wanakunywa hapohapo. Mvua ya huku ni kama milimita 600 kwa mwaka na miaka mingine haifiki, kwahiyo ule mchanga ndo uhai wetu. Zamani misafara ya pembe za ndovu kutoka Bagamoyo ilikuwa ikishapita Mpwapwa kuingia Ugogo, nchi ya Wagogo, watemi wanadai hongo, yaani ushuru wa kupita, sio rushwa, wageni wakalalamika sana kwenye maandishi yao, mimi naona ilikuwa haki kabisa, mamia ya watu wanakunywa kisima mpaka kinakauka, wenyeji na mifugo yao wanywe nini?

Lakini wazee hawakujenga bondeni. Bondeni walilima. Tembe, zile nyumba za udongo za paa bapa, zilikaa kwenye mwinuko, kaya moja huku nyingine kule mbali, sababu ng'ombe wanataka nafasi. Ikaja njaa ya Mtunya, 1918 mpaka 1920, majeshi ya vita kuu ya kwanza, Wajerumani kisha Waingereza, yalikuwa yameshakomba nafaka na ng'ombe, na mvua nayo ikagoma, watu wakafa, wengine wakahama moja kwa moja. Kwetu walibaki. Sisi tulihamishwa na Operesheni Dodoma, 1971, serikali ilitaka watu wakae pamoja kwenye vijiji ili shule, zahanati na maji viwafikie. Nilikuwa mtoto. Shule tuliipata, nashukuru mpaka leo, ila makaburi ya babu zako na mashamba mazuri vilibaki kule, na hilo bado linaniuma.

Sasa kujenga. Wajerumani walipitisha reli bonde hilohilo, ikafika Dodoma 1910, sababu kupanda kutoka Kilosa bila kufuata mto ni milima mitupu, na tangu hapo mto unaisumbua. Desemba 2009 na Januari 2010 maji yalibomoa reli kati ya Kilosa na Gulwe, treni ikasimama miezi. Milima ikikatwa miti, mvua inashusha mchanga, mto unajaa, unapanda, unatafuta njia mpya, na yale mahame ya mwinuko siku hizi kingo imeshayasogelea, sio kama alivyoyaacha babu yako.

Kwahiyo lima kule, vitunguu vinakubali sana kiangazi, nyumba jenga huku juu kwenye kiwanja cha baba yako. Na usikubali kabisa kumuuzia mtu mchanga wa pale kwa malori, wakiuchota wote maji yatakaa wapi? Njoo mwezi wa nane nikuonyeshe mpaka wetu wazee wakiwepo, baba yako mdogo anaujua vizuri.

Mama yako