Jibu: Kambi ya barabarani kabla ya kuhamia mashuani
Ndugu, umeuliza kama wiki mbili za kambi zitawaandaa watoto kwa maisha ya mashua ya tanga. Zitasaidia, ila mbane maji na umeme tangu siku ya kwanza. Watu wanne, dumu moja la lita 20 kwa siku: kunywa, kupika, vyombo. Likiisha kabla ya jioni, mara nyingi ni vyombo vimelimaliza. Vifuteni kwa karatasi kwanza, ndipo mvioshe.

Betri ya asidi ya volti 12 isishuke chini ya 12.2 ikiwa imepumzika, yaani haichajiwi wala haitumiki kwa muda. Hapo imebaki nusu ya chaji, na kuishusha zaidi ya hapo huiua mapema. Friji ndiyo mlaji mkubwa.

Nguo kwenye mifuko laini. Masanduku hayana pa kukaa mashuani.

Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa: kambini ikivuja hupeperuka, mashuani hutuama chini ya sakafu ikingoja cheche. Wazoesheni kufunga valvu ya mtungi kila mkimaliza kupika.