Dar hadi Unguja: Anza Kuhesabu Muda Mlangoni Kwako

Kwa ndege, kutoka Dar es Salaam hadi Unguja ni kilomita 73 hivi, dakika 20 tu angani. Nilizitegemea dakika hizo 20, nikakosa maziko ya mama mdogo.

Simu ilitukuta Kariakoo saa moja asubuhi: atasaliwa baada ya Adhuhuri, azikwe Mwanakwerekwe. Mdogo wangu akashuka bandarini, akapata boti ya saa tatu na nusu. Mimi nikakata tiketi ya ndege ya saa nne, nikijua nitamtangulia nikasaidie shughuli.

Foleni ya Barabara ya Nyerere ilinila zaidi ya saa nzima. Halafu nikashuka Jengo la Pili la abiria, kumbe ndege yangu ilikuwa ndogo, na zile huondokea Jengo la Kwanza. Majengo hayo hayako ubavu kwa ubavu. Ilibidi nitafute gari tena. Nilipofika, kaunta imeshafungwa. Nikaondoka na ndege ya mchana. Mwanakwerekwe nilikuta watu wanatawanyika na udongo bado mbichi. Mdogo wangu ndiye aliyeingia kaburini kumpokea mama yetu. Mpaka leo hilo linaniuma.

Kwa hiyo ndugu yangu, ukiulizwa safari ni ya muda gani, usijibu kwa dakika za angani. Weka njia ya kwenda uwanjani, weka muda wa kuwahi kaunta, ukaguzi, kusubiri begi, kisha teksi ya upande wa pili. Kwangu Kariakoo hesabu hiyo haishuki chini ya saa tatu na nusu. Boti inakaa majini kama saa mbili, na bandari ipo karibu. Ukishuka Malindi, Mji Mkongwe uko hapo hapo.

Anayeishi Ukonga au Gongo la Mboto ana hesabu nyingine kabisa. Uwanja wa ndege uko jirani naye, na kuja mjini kufuata boti ni kujitesa. Hata unakokwenda kunabadilisha mambo: uwanja wa Unguja uko Kisauni, kwa hiyo wa Kiembesamaki, au anayeteremka Paje na Jambiani, ndege inamfaa zaidi. Miezi ya kusi nayo, hasa Juni hadi Agosti, bahari huchafuka. Mwenye kutapika chomboni, au anayesafiri na mgonjwa, apande ndege hata kama hataokoa muda.

Ukikata tiketi, uliza mambo mawili kabla ya kulipa: jengo lipi, na mzigo kilo ngapi. Ndege ndogo nyingi huishia kilo 15.

Hitma ya arubaini nilikwenda na boti ya saa moja asubuhi. Saa tatu na nusu nilikuwa Mkunazini, natandika mikeka.