Laptopu inazima katikati ya gemu: si RAM

SWALI: Niko Langoni, Lamu. Nina laptopu ya mtumba, prosesa (ubongo wa kompyuta) ni i5 ya kizazi cha 6, RAM (kumbukumbu ya muda) ni 8GB, haina kadi ya picha ya peke yake. Nacheza Skyrim Special Edition. Ndani ya mapango inakwenda vizuri kiasi, lakini nikitoka nje, hasa njia ya kuelekea mji wa Whiterun, haipiti robo saa inazima giza bila ujumbe wowote. Nikiiwasha papo hapo inakataa, nikiiacha ipumzike inawaka. Fundi anasema niongeze RAM iwe 16GB. Rafiki yangu naye kanipa programu ya kuongeza kasi ya RAM. Nianze na ipi?

JIBU: Usianze na yoyote, ndugu yangu. Dalili umezieleza vizuri kuliko huyo fundi alivyozisikiliza. Inazima giza, inagoma kuwaka, ikipumzika inawaka. Hilo ni joto.

Sijui nani aliyetuenezea hapa pwani kwamba dawa ya kila ugonjwa wa kompyuta ni RAM. Gemu ikikwama, RAM. Betri ikiisha upesi, RAM. Bado kioo kikipasuka tu. RAM ikiwa haitoshi, gemu hukwamakwama, diski huhangaika, na mwisho gemu hujifunga na kukurudisha kwenye Windows. Kompyuta yenyewe hubaki hai. Kukata umeme ghafla ni prosesa kujiokoa. Kikomo cha prosesa za aina yako ni kama nyuzi 100 za selsiasi. Ikikaribia hapo hupunguza mwendo (bila shaka umeona gemu inakuwa nzito kwanza), na joto likizidi kupanda, mashine hujizima.

Bethesda, waliotengeneza Skyrim, walipotoa toleo hilo la Special Edition mwaka 2016 waliandika kiwango cha chini cha RAM kuwa 8GB. Hizo unazo. Usichonacho ni kadi ya picha, kwa sababu wao walitaka angalau GTX 470 au inayolingana nayo. Kwako picha zinachorwa na sehemu iliyomo ndani ya prosesa ileile, kwa hiyo joto la kazi mbili linatoka sehemu moja na linapozwa na feni moja nyembamba. Pangoni gemu inachora kuta na mienge michache. Ukitoka nje inachora milima, miti, nyasi na vivuli vyake vyote. RAM haikupungua ulipovuka mlango wa pango. Kazi ndiyo iliyoongezeka.

Nisimdhulumu fundi: kwa mashine isiyo na kadi ya picha, vipande viwili vya RAM badala ya kimoja husaidia picha kwenda haraka. Lakini joto halipungui hata nyuzi moja kwa hilo.

Basi ifunguliwe. Laptopu iliyokaa Lamu, ukiondoa feni, unakuta vumbi limejazana baina ya feni na vile vijibati vyembamba vya kupozea. Si vumbi kavu la kupuliza likaondoka. Limenyonya unyevu wa bahari na chumvi, limeshikana kama jamvi, na ukilivuta linatoka kipande kizima. Feni inanguruma kutwa, hewa haipiti. Shaba ya kupozea nayo mara nyingi imeshaota kutu ya kijani. Toa jamvi hilo, safisha kwa brashi laini na spiriti, ondoa ile pesti ya joto (inayopitisha joto kutoka prosesa hadi shaba) iliyokauka juu ya prosesa, paka mpya. Kazi ya saa moja kwa mwenye bisibisi sahihi.

Ukishasafisha, teremsha gemu hadi 1280 kwa 720 na punguza vivuli. Halafu ingia kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, kile kiwango cha juu cha prosesa (Maximum processor state) kiweke asilimia 99 badala ya 100. Prosesa haitajisukuma kupita mwendo wake wa kawaida, na joto litashuka sana. Programu ya HWiNFO haina malipo, itakuonyesha nyuzi unapocheza. Ikiwa joto liko chini na bado inazima, ndipo tushuku chaja na betri. Na usitegemee gemu ijihifadhi yenyewe, maana umeme ukikatika wakati faili linaandikwa, faili hilo huenda lisifunguke tena. Hifadhi kwa mkono, mara kwa mara.

Ile programu ya rafiki yako ifute leo. Inachofanya ni kuzitoa kwenye RAM data zinazotumika na kuzitupa diskini, namba inapendeza machoni, kisha gemu inazihitaji tena na kuanza kuzisoma upya kutoka diskini. Nyingine huja na virusi vinavyotumia prosesa yako kumchimbia mtu mwingine sarafu za kidijitali, na hapo feni hainyamazi hata ukiwa hufanyi kitu. Gemu za kuvunjwa kufuli zinazopitishwa kwa flashi zina mzigo uleule.

Kuna wanaopeleka laptopu kwenye mashine ya kujazia upepo wa tairi. Upepo ule una maji na mafuta, na feni huzungushwa kasi ambayo haikuumbiwa. Wengine hupaka dawa ya meno badala ya pesti. Wiki ya kwanza mteja anafurahi, kisha inakauka na kupasuka, na mashine inarudi ikiwa na joto kuliko mwanzo. Wapo pia wanaoosha bodi kwa thina, nazo plastiki za soketi zikayeyuka. Hao ndio wepesi wa kukuuzia RAM, maana kuichomeka ni dakika mbili na haihitaji kugusa feni.

Ukimpelekea fundi, kaa hapo hapo aifungue ukitazama. Mwambie akuonyeshe vumbi alilotoa na pesti atakayopaka. Na kipande chako cha RAM cha zamani, akikitoa kwa sababu yoyote, kidai mkononi kabla hujalipa.