Diski Kuwaka Si Dalili Kwamba Ni Nzima

Nilikesha siku mbili nikiilaumu apt, programu ya Linux inayosakinisha na kusasisha programu nyingine. Kompyuta ilikuwa imekwama katikati ya kuhamia toleo jipya la Linux, nami nikasoma kila mstari wa makosa, nikaondoa vifurushi (programu zilizofungashwa tayari kusakinishwa) ambavyo havikuwa na tatizo lolote, nikarudia amri zile zile mpaka vidole vikachoka. Kumbe kasoro ilikuwa kwenye DVD ya usakinishaji iliyokuwa ndani ya trei muda wote. Naandika haya kwa ajili ya mtu ambaye sasa hivi skrini yake imesimama katikati ya safari kama yangu na mkono wake unaelekea kwenye kitufe cha kuzima. Usizime. Mfumo ambao bado unaendelea kuwaka ni rahisi kuuokoa kuliko ule uliozimwa ukiwa na kerneli (kiini cha mfumo) mpya iliyosakinishwa nusu.

Mashine yangu ilikuwa kompyuta mpakato ya zamani yenye Debian 11, aina mojawapo ya Linux, na intaneti yake ilikuwa ya kusuasua. Nilitaka kuipeleka Debian 12. Nilipakua faili la ISO (taswira nzima ya diski) la DVD ya kwanza kwenye kompyuta nyingine, nikalichoma, yaani nikaliandika kwenye DVD, kwa kasi ya juu kabisa, kisha nikaiwasha mpakato kwa diski hiyo ili kujaribu. Menyu ya usakinishaji ikatokea. Nikaridhika, nikarudi kwenye mfumo wangu, nikaandika `apt-cdrom add` ili apt ichukue vifurushi kwenye diski, nikaanza kazi.

Kosa langu lilikuwa hapo kwenye kuridhika. Kuonyesha menyu kunahitaji kusoma sehemu ndogo sana ya diski, na gigabaiti zilizobaki hazijaguswa. Tena DVD huandikwa kuanzia katikati kwenda ukingoni, na ukingoni ndiko uandishi hulegea mara nyingi, hasa ukichoma kwa haraka. Diski ya namna hiyo inaweza kuwaka vizuri, ikaonyesha folda zote, ikatoa mamia ya vifurushi bila shida, halafu ikagoma kwenye kimoja.

Yangu ilitoa ishara mapema, ila sikujua kuisikiliza. Kiendeshi kilikuwa kikizunguka kwa kasi, kinapunguza, kinanyamaza, kisha kinaanza upya. Sauti ya kupanda na kushuka namna ile mara nyingi ina maana kwamba kinarudia kusoma mahali pale pale. Muda mfupi baadaye likaja neno `Input/output error`. Ningeandika `dmesg | tail` (amri inayoonyesha ujumbe wa mwisho wa kerneli) usiku ule wa kwanza, ningeona mistari yenye `I/O error, dev sr0`. Hiyo `sr0` ndiyo kiendeshi cha diski. Ukiiona kwenye mistari hiyo, acha kuhangaika na vifurushi, shughulika na diski.

Kipimo ninachokiamini sasa ni kimoja, nacho hufanyika kwenye kompyuta ile ile unayotaka kuihamisha, kwa sababu diski inayosomeka kwenye kiendeshi kilichoichoma inaweza kukataliwa na kingine. Kwanza hakikisha faili lenyewe: endesha `sha256sum`, amri inayotoa alama ya utambulisho wa data, juu ya ISO na ulinganishe herufi na tarakimu zote 64 na zile zilizo kwenye faili la SHA256SUMS ulipopakulia. Kisha isome diski yenyewe mpaka mwisho:

`head -c UKUBWA /dev/sr0 | sha256sum`

Badala ya UKUBWA weka idadi kamili ya baiti za ISO, ambayo utaipata kwa `stat -c %s` na jina la faili. Idadi hiyo ni ya lazima, maana diski nyingine huongezewa nafasi tupu mwishoni na jibu likatofautiana hata kama data ni salama. Majibu mawili yakifanana, diski ni nzima. Yakitofautiana, au usomaji ukikatika njiani, usianze kabisa.

Kabla ya kuitupa, igeuze chini ya taa. Sehemu iliyoandikwa ina rangi tofauti kidogo na isiyoandikwa, na alama ya kidole ukingoni huonekana wazi. Ifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, si kwa kuzungusha, kisha rudia kipimo. Yangu haikupona. Nilichoma nyingine kwa kasi ya 4x, ambayo kwa DVD iliyojaa huchukua takriban robo saa, nayo ikapita mara ya kwanza.

Yapo makosa mengine ya kuchoma, ila hayo hujionyesha haraka. Ukifungua diski ukakuta faili moja tu linaloishia na .iso, umenakili badala ya kuchoma taswira. Diski sahihi ya Debian ina folda kama `dists` na `pool`. Ukubwa nao uangalie: DVD ya kawaida hubeba GB 4.7, na ISO ya Ubuntu 24.04 ya kompyuta za mezani imeshapita hapo, kwa hiyo inataka flashi au DVD ya tabaka mbili.

Nilipopata diski nzima, kuuokoa mfumo ulioishia njiani hakukuwa kugumu nilivyoogopa. Niliiweka kwenye trei, apt ikaikubali, nikaenda kwa mpangilio huu: `dpkg --configure -a` kumalizia vifurushi vilivyokuwa vimefunguliwa bila kusanidiwa, `apt -f install` kurekebisha vilivyokosa wenzake, halafu `apt full-upgrade`. Baada ya hapo `dpkg --audit` haikutoa neno. Kimya chake ndicho unachokitaka, na hapo ndipo nilipothubutu kuwasha upya.

Kama apt inakung'ang'ania uingize diski ambayo tayari imo, huenda mazingira ya dawati yameifungua kwenye folda nyingine chini ya `/media`. Ifunge kwa `umount`, kisha andika `mount /dev/sr0 /media/cdrom`.

Mashine ikikataa kuwaka kabisa baada ya kazi yote, usikimbilie kusakinisha upya na kupoteza mafaili yako. Diski hiyo hiyo ina hali ya uokoaji ndani ya menyu yake. Inakufungulia mfumo wako uliomo kwenye diski kuu na kukupa terminali, na kutoka hapo unaweza kurudisha GRUB, programu inayouanzisha mfumo, kwa `grub-install` na `update-grub`. Iwashe kwa njia ile ile ambayo mfumo wako hutumia, iwe UEFI au BIOS ya zamani (programu za ndani zinazoanzisha kompyuta).

Mwisho, fungua `/etc/apt/sources.list`, faili linaloorodhesha vyanzo vya vifurushi, na uweke alama ya # mbele ya mstari unaoanza na `deb cdrom:`, la sivyo kila utakapoandika `apt update` utalalamikiwa kuhusu diski ambayo haipo. Hakikisha mistari ya mtandao inataja bookworm (jina la Debian 12), na uongeze `non-free-firmware`, sehemu ya programu endeshi za vifaa iliyoanza na toleo hilo. Bila hiyo kadi nyingi za Wi-Fi hazitapata masasisho yake. Kisha tafuta intaneti hata ya saa moja. DVD ya kwanza haina vifurushi vyote, na marekebisho ya usalama yaliyotoka baada ya ISO kutengenezwa hayamo.