Pima bidhaa yako kwa msimu, siyo kwa mwezi

Vijana wa Mbeya na Iringa wanaponionyesha ripoti za bidhaa zao, yaani mifumo ya simu ya bei na mauzo ya mazao waliyowatengenezea wakulima, ukurasa wa kwanza huwa ni ule ule: idadi ya watumiaji wa kila mwezi. Mstari umepanda, umeshuka, na wenyewe wameshaanza kuhangaika. Wanaongeza vipengele, wanabadilisha rangi, wanashusha bei. Swali langu kwao huwa moja: mwezi huo shambani kulikuwa na nini?

Huku kwetu mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Mpunga wa Kyela na Usangu huanza kuvunwa mvua zinapokatika. Mkulima wa mpunga ambaye hajafungua huduma yako ya bei tangu Septemba hajakukimbia. Hana cha kuuza. Wa kukunyima usingizi ni yule aliyeuza kupitia kwako Juni mwaka jana, na Juni hii kauza tena bila kukutafuta. Huyo ndiye umempoteza, na ripoti ya mwezi haiwezi kukuonyesha. Linganisha mavuno na mavuno.

Zao nalo lina kalenda yake. Chai ya Rungwe na Mufindi huchumwa karibu mwaka mzima, hivyo hapo kipimo cha mwezi kinaweza kukusaidia. Viazi hukomaa kwa miezi mitatu hadi minne na huweza kulimwa zaidi ya mara moja kwa mwaka. Kwa hiyo ukiona mpunga unakuacha na miezi mitupu, usikimbilie kuongeza mikopo, utabiri wa hali ya hewa na ukurasa wa maongezi. Jiulize kwanza kama kuna zao jingine linalovunwa katika miezi hiyo, na kama mawakala ulio nao wanaweza kulihudumia. Huo ndio uamuzi wa kimkakati, na ni wa meneja wa bidhaa, yule anayeamua mfumo ufanye nini. Usimwachie mfadhili.

Bei ya huduma nayo ifuate kalenda hiyo hiyo. Ada ya kila mwezi inamfikia mkulima Januari, wakati sare za shule na mbolea zinamsubiri. Bora umkate ada kidogo siku anapouza, pesa ikiwa mkononi. Na mavuno yakishaanza, msiguse mfumo isipokuwa kurekebisha kilichoharibika. Menyu mpya katikati ya Juni inamchanganya mtu aliyesimama na mnunuzi ana kwa ana.

Halafu nendeni sokoni. Ukikaa Uyole, Mbeya, asubuhi na dalali wa viazi, utaona gunia limeshonwa likiwa limevimba, kamba zimeshikilia viazi vilivyopita mdomo wa gunia. Hiyo ndiyo lumbesa, na sheria ya vipimo inaikataza. Dalali anataja bei ya gunia, mkulima anapiga hesabu ya madebe kichwani, na simu yako inasema bei ya kilo. Hapo hakuna mzani. Bei yako ni sahihi na haimsaidii mtu yeyote! Weka bei ya debe pembeni ya bei ya kilo, mkulima aone viazi vilivyoongezwa juu ya gunia vina thamani gani kabla hajakubali. Kwangu mimi hilo linazidi vipengele kumi vipya, maana linamlinda mtu pale pale anapopunjwa.

Kuhusu simu nitasema kwa kifupi. M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008 haikumtaka mtu anunue simu mpya. Ilimkuta na kitochi chake. Menyu ya nyota na reli ina nafasi ya herufi 182 tu kwa ukurasa, na mtu akichelewa kujibu inakatika. Kwa hiyo swali muhimu liwe la kwanza, na bei ionekane bila kupita kurasa nne. Aplikesheni ya simu janja mtengenezeeni mnunuzi mkubwa mwenye bando.

Mwekezaji akidai takwimu za kila wiki, mpe, lakini juu ya jedwali andika zao, wilaya na mwezi wa mavuno. Mwambie mapema, kabla hajatoa pesa, kwamba jibu la kama watu wanarudi litapatikana baada ya mavuno mawili. Asiyeweza kusubiri mavuno mawili mkatalieni, hata kama mnazihitaji sana fedha zake.